Kinyozi Hajinyoi: Historia ya Kumlinda Mlinzi, Kutoka Vuga Hadi Minara ya Simu

Mwezi Februari mwaka 1857 Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke, walipanda milima ya Usambara hadi Vuga, makao ya Wakilindi, ukoo uliowatawala Wasambaa, kumwona mfalme Kimweri ye Nyumbai. Walimkuta mzee na mgonjwa, na miongoni mwa haja alizowaeleza wageni hao ilikuwa dawa ya kumrudishia afya na nguvu. Dawa hiyo hawakuwa nayo. Mwaka 1862 Kimweri alifariki, na dola iliyokuwa imetanda kutoka milimani hadi kukaribia pwani ikaanza kumeguka. Sababu za kumeguka huko zinafahamika: bunduki, misafara ya biashara, biashara ya watumwa, ugomvi wa urithi. Sina haja ya kuipinga hata moja. Nataka kuuliza swali lililo nyuma yake. Vuga ilijuaje hali ya nchi yake, na ni nani aliyejua hali ya Vuga yenyewe? Swali hilo halikufa na Wakilindi. Wahandisi wa mitandao ya simu na kompyuta wanahangaika nalo hadi leo, kwa kuwa nao wana chombo cha kutazamia mtandao mzima, na chombo hicho nacho huugua. Hoja yangu ni kwamba afya ya jicho haijulikani kwa kuliuliza jicho. Hujulikana kwa njia nyingine isiyopita ndani ya jicho hilo, na kila mara njia hiyo ilipokosekana katika milima hii, gharama yake ililipwa na wale waliokuwa wakitazamwa.

Bungu ni mahali pazuri pa kuanzia hoja hiyo. Iko katika milima ya Usambara, wilayani Korogwe, kati ya Vuga ya zamani na bonde la mto Pangani, na ng'ambo ya bonde hilo ndiko iliko nchi ya Handeni. Haikuwa Vuga, wala haikuwa Korogwe. Historia yake kwa sehemu kubwa ni ya mahali panapotolewa taarifa: kwanza kwa mfalme, kisha kwa wakoloni, kisha kwa serikali ya taifa, na siku hizi kwa mitambo ya kampuni za simu. Aliyekaa makao makuu huandika historia ya alichokiona. Aliyekaa mahali kama Bungu ndiye anayeweza kupima ni kiasi gani hakikuonekana.

Utawala wa Kimweri ulikuwa mtandao kwa maana halisi ya neno. Johann Ludwig Krapf, mmisionari aliyefika Usambara mwaka 1848 na tena mwaka 1852, alishangazwa na jinsi amri ya mfalme huyo ilivyoheshimiwa hata mbali na makao yake. Siri ya nguvu hiyo ilikuwa ukoo. Kimweri aliwaweka wanawe kuwa mazumbe wa sehemu mbalimbali za nchi. Kila zumbe alikusanya kodi, aliamua kesi, na alikuwa mdomo na sikio la baba yake huko alikowekwa. Mpangilio huo ulikuwa rahisi, na maadamu baba alikuwa hai na mwenye nguvu, ulifanya kazi. Kasoro yake ilikuwa moja tu, lakini kubwa: anayetoa taarifa ndiye anayetolewa taarifa. Zumbe aliyeonea watu wake, au aliyejilimbikizia mali, ndiye huyo huyo aliyepaswa kumweleza mfalme kwamba mambo si shwari. Kinyozi hajinyoi, walisema wahenga, na zumbe naye hakutarajiwa kujisema.

Wasambaa hawakuwa wajinga wa kasoro hiyo. Barazani Vuga palikuwa na wakuu wasio wa ukoo wa Wakilindi, na mkubwa wao akiitwa mlugu. Mtu wa namna hiyo hakuwa na tumaini la kukalia kiti cha mfalme, na kwa sababu hiyohiyo neno lake lilikuwa na uzito ambao neno la mwana wa mfalme halikuwa nao. Zaidi ya hapo kulikuwa na kipimo ambacho hakuna zumbe aliyeweza kukihonga, nacho ni mvua. Katika Kisambaa walitofautisha kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, yaani kuidhuru. Mfalme mwenye nguvu na asiye na mpinzani aliiponya nchi, mvua ikanyesha na mashamba yakajaa. Wakubwa waliposhindana nguvu kwa nguvu, nchi ilibanwa na njaa ikaingia. Mtu wa leo anaweza kucheka imani kwamba mfalme huleta mvua. Ila atazame kazi ambayo imani hiyo ilifanya katika siasa: iliwapa watu wa kawaida kipimo cha afya ya makao makuu ambacho hakikupitia makao makuu. Mkulima wa Bungu hakuhitaji mjumbe wa Vuga ili ajue kama Vuga ina afya. Alitazama shamba lake.

Kipimo hicho kilikuwa na udhaifu wake, na ni haki kuutaja. Mvua huja na taarifa kwa kuchelewa. Njaa inapofika mlangoni, ugonjwa ulioileta umekwishakomaa, na njaa haisemi ni nani aliyekosea. Ndivyo ilivyotokea baada ya 1862. Semboja, mmoja wa wana wa Kimweri, alikuwa na ngome yake Mazinde, chini tambarare, palipokuwa na misafara, bidhaa na bunduki. Utajiri mpya ulipita bondeni, na njia za taarifa za Vuga zilijengwa kwa ajili ya nchi ya milimani. Kijana aliyerithi kiti, Shekulwavu, alikuwa na heshima zote za ufalme lakini vipimo alivyorithi vilipima ulimwengu uliokuwa ukipita. Kabla ya miaka ya 1860 kwisha, Semboja alikuwa amemtoa Vuga, na Wabondei wakawaasi Wakilindi katika vita vilivyoitwa Kiva. Hakuna aliyeficha misafara. Ilipita mchana kweupe. Kilichokosekana ni jicho lililowekwa upande ule.

Jicho hilo liliwekwa na Wajerumani, kwa faida yao. Reli ya Usambara ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikafika Muheza 1896, Korogwe 1902, Mombo 1905 na Moshi 1911. Pamoja nayo ulikwenda waya wa telegrafu. Neno tunalotumia leo, simu, lina asili ya Kiajemi na maana yake ya kwanza ni waya. Kabla ya kuwa chombo cha kuongelea, simu ilikuwa waya unaopeleka habari. Makao ya taarifa yakahama kutoka kilele cha Vuga hadi stesheni za bondeni, na milima kama ya Bungu ikawa inatazamwa kutoka chini badala ya kutoka juu. Waya ulileta kasi isiyowahi kuonekana, ukaleta pia swali jipya. Mjumbe anayetembea akichelewa, watu huanza kuulizana amepatwa na nini. Waya usipoleta habari, je, hakuna habari, au hakuna waya?

Mafundi wa telegrafu wa karne ya 19 walilijibu swali hilo kwa njia mbili, na tofauti ya njia hizo ndiyo moyo wa makala hii. Katika njia ya kwanza waya hukaa bila umeme, na umeme hupitishwa pale tu karani anapotuma habari. Waya uliolala na waya uliokatika hufanana kabisa, na kukatika huko hugunduliwa siku mtu anapokuwa na jambo la haraka la kusema. Katika njia ya pili umeme hupita muda wote, na habari hutumwa kwa kuukatiza. Hapo waya ukikatwa na mti ulioanguka au na mwizi wa shaba, mtambo wa upande wa pili huonyesha mara moja. Kimya chenyewe kimegeuzwa kuwa ishara. Mmarekani William Robinson alitumia wazo hilo hilo katika hataza yake ya mwaka 1872 kuhusu ishara za reli: umeme hupita ndani ya vyuma vya reli saa zote, na ukikosekana kwa sababu yoyote ile, iwe treni iliyosimama njiani, chuma kilichovunjika au betri iliyokufa, ishara huonyesha hatari. Chombo hicho kikiugua, hukiri. Hakisubiri kuulizwa.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilionyesha thamani ya mtandao huo na udhaifu wake pia. Novemba 1914 Waingereza waliposhusha jeshi Tanga, kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alisafirisha askari kutoka upande wa Moshi kwa reli ileile, kupitia Korogwe, na mashambulizi yale yakashindwa baada ya siku chache. Juni 1916 mambo yaligeuka. Majeshi ya Waingereza chini ya Jan Smuts yaliteremka bondeni, yakachukua Mombo, Korogwe na kisha Handeni ndani ya mwezi mmoja, huku Wajerumani wakirudi nyuma na kuharibu reli na madaraja waliyoyajenga wenyewe. Mtandao unaopita njia moja huonwa na adui kwa urahisi uleule kama unavyoonwa na mwenye mali. Ukikatwa mahali pamoja, hupoteza mambo mawili kwa pamoja, safari na habari ya safari.

Kuna ugonjwa mwingine wa jicho, na huo ni mgumu zaidi kuutambua kwa sababu jicho haliko kimya. Liko macho, linasema kila siku, ila linatazama kisichohusika. Usambara iliupata ugonjwa huo chini ya Waingereza. Mradi wa kuhifadhi udongo ulioanzia Mlalo mwaka 1946, ukapanuliwa baadaye sehemu nyingine za milima, uliwalazimisha wakulima kulima matuta kwenye miteremko. Matuta ni kitu kinachohesabika. Unaweza kupita shamba kwa shamba, ukaandika nani kalima na nani hajalima, nani atozwe faini. Hofu ya mkulima kwamba ardhi anayolazimishwa kuitengeneza itachukuliwa, na uchungu wa mama anayeongezewa kazi juu ya kazi, havihesabiki kwa kupita shamba kwa shamba. Malalamiko nayo yalipaswa kupitia kwa machifu walewale waliopewa kazi ya kusimamia matuta. Wasambaa waliutaja ugonjwa huo kwa msamiati wao wa kale: nchi inabanwa. Upinzani ulikua hadi mradi ukaachwa mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati TANU, iliyoundwa 1954, ilipokuwa imewapa watu njia nyingine ya kusema, isiyopita kwa chifu. Hapo tena, ukweli ulifika kwa mlango wa pili.

Mtandao wa leo hauna zumbe wala chifu, lakini umbo la tatizo ni lile lile. Kwa miaka mingi nchi zetu zilijua idadi ya simu zinazoingia kutoka nje kwa kutegemea hesabu za kampuni zilizozipokea, yaani kwa kumwuliza kinyozi. Mwaka 2013 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilifunga mtambo unaojulikana kwa kifupi kama TTMS, wa kupima mawasiliano hayo bila kutegemea neno la kampuni na kunasa simu zinazoingizwa kwa njia za ulaghai; Januari 2019 ulikabidhiwa rasmi kwa mamlaka hiyo. Ni hatua iliyoeleweka. Lakini kila mtambo wa namna hiyo, popote ulipo, unaleta nyuma yake swali la waya wa Korogwe. Siku dashibodi ikionyesha kwamba simu zimepungua ghafla, je, watu wameacha kupiga, kuna mwizi, au ni mtambo wa kuhesabu ulioacha kuhesabu?

Kampuni kubwa kuliko zote duniani zimejikwaa hapo. Tarehe 28 Februari 2017 fundi wa Amazon alikosea amri moja, na huduma ya kampuni hiyo ya kuhifadhi data, S3, ikaanguka kwa saa kadhaa katika kituo cha Virginia. Ukurasa uliopaswa kuwaeleza wateja hali ya huduma haukuweza kubadilishwa, kwa kuwa wenyewe ulitegemea S3. Nyumba ilikuwa inaungua na taa za kijani zinawaka. Tarehe 4 Oktoba 2021 zamu ilikuwa ya Facebook. Amri iliyotolewa wakati wa matengenezo ilikata uti wa mgongo wa mtandao wake, na chombo kilichowekwa kukagua na kuzuia amri za hatari kilikuwa na hitilafu, kikaiachia ipite. Kwa takribani saa 6 WhatsApp ilinyamaza kutoka Tanga hadi Muscat, na mafundi hawakuweza kutumia zana zao za ndani kwa sababu zana hizo zilipita kwenye mtandao uleule uliokufa. Ilibidi watu waende kwa miguu yao hadi kwenye mitambo. Karne moja na zaidi baada ya telegrafu, mjumbe wa kutembea alihitajika tena.

Kwa hiyo kutunza chombo cha kutazamia mtandao ni kazi inayojitegemea, yenye vipimo vyake. Anayekisimamia huuliza: kati ya vifaa vyote vinavyopaswa kuleta taarifa, ni vingapi vimeleta katika dakika tano zilizopita? Taarifa zinachukua muda gani kutoka mnarani hadi kwenye dashibodi? Foleni ya taarifa zinazosubiri kusomwa inarefuka? Diski imebakiza nafasi kiasi gani? Ni taarifa ngapi zimetupwa kwa kukosa pa kuwekwa? Saa za mitambo zinakubaliana? Haya yanaonekana kuwa mambo madogo ya stoo, lakini ndiyo yanayotenganisha dashibodi hai na picha ya ukutani. Foleni ikichelewa nusu saa, dashibodi haitasema uongo; itasema ukweli wa nusu saa iliyopita, nao ndio uongo ulio mgumu kuliko wote kuushuku. Mvua ya Wasambaa nayo ilikuwa na ugonjwa huo.

Mpinzani wa kwanza atasema kwamba hoja hii haina mwisho: kama kila mlinzi anahitaji mlinzi, huyo wa pili atalindwa na nani, na wa tatu je? Pingamizi hilo lingekuwa zito kama ulinzi ungekuwa ngazi. Si lazima uwe ngazi. Wahenga waliosema nyani haoni kundule hawakuishia hapo; walimalizia kwamba huliona la mwenzake. Kejeli hiyo ina dawa ndani yake. Mitambo miwili inayotazamana haihitaji wa tatu, ili mradi isishiriki umeme mmoja, waya mmoja wala bwana mmoja. Wanaotumia Prometheus, programu huria ya kutazama mitambo iliyoanzia SoundCloud mwaka 2012, hufanya hivyo, na wengi huongeza jambo la pili: huweka arifa moja inayolia daima, usiku na mchana, ikipelekwa kwenye huduma iliyo nje kabisa ya mtandao wao. Arifa hiyo haina habari yoyote. Siku isipofika, huduma ya nje ndiyo inayowaamsha watu. Ni telegrafu ya umeme usiokatika imezaliwa upya.

Mpinzani wa pili ana hoja nzuri zaidi. Atasema kwamba ninafananisha visivyofanana: Semboja alikuwa mtu mwenye nia, ukurasa wa Amazon hauna nia, na kuviweka kapu moja ni kupotosha historia. Nakubali kwamba sababu ni mbalimbali, na tiba pia. Msaliti hushughulikiwa na siasa, muundo mbovu hurekebishwa na fundi. Ninachodai ni kidogo kuliko hicho: kwa aliyekaa katikati, usaliti na hitilafu huanza kwa sura moja, nayo ni taarifa zinazoendelea kuwa nzuri au zinazoacha kuja. Haruhusiwi kubahatisha ni ipi mpaka awe na njia ya pili ya kujua. Wa tatu atasema kuhusu gharama: mnara wa mlimani unaotegemea jua na betri, na fundi mmoja mwenye eneo kubwa, hawana anasa ya mitambo miwili. Lakini arifa ile inayolia daima, yaani mapigo ya mara kwa mara, ni sehemu rahisi kuliko zote. Ni ujumbe mfupi kila dakika chache. Kinachogharimu ni arifa nyingi zisizo na maana, zinazomzoesha fundi kuzima simu yake alale. Afadhali arifa tano anazoziamini kuliko mia anazozikwepa.

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika, na intaneti ikalegea Tanzania nzima. Waliotaka kujua ukubwa wa tatizo hawakutegemea tu kauli za waliokatikiwa. Vipimo vya taasisi za mbali, zinazofuatilia intaneti ya dunia kutoka nje, vilionyesha mteremko ule papo hapo. Mlugu asiye wa ukoo alikuwa amesema neno lake. Tunao msemo kwamba la mgambo likilia lina jambo, na kwa vizazi tumeufundisha kwa watoto kama agizo la kusikiliza. Msemo huo unamhusu msikilizaji. Haumhusu mgambo mwenyewe, ambaye pembe yake inaweza kupasuka usiku bila yeyote kujua. Waya wa Korogwe, kwa namna ulivyoweza kufungwa, ulitufundisha nusu iliyobaki: pembe ipulizwe kila siku saa ileile hata kama hakuna jambo, ili asubuhi moja isiposikika, watu wa Bungu wajue kwamba jambo limeingia.